Barua ya wazi: Nilikubali simu, sikukubali bili hii

Kwa: Wakurugenzi wa kampuni ya simu inayonihudumia
Nakala: Wakuu wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

KUH: BILI YA SHILINGI 10,351.60 BAADA YA KUBADILISHIWA SIMU

Waheshimiwa,

Mimi ni muuza leso, yaani kanga, wa Biashara Street, hapa Mombasa. Laini yenu ninayo mwaka wa 14 huu. Namba yake imeandikwa kwa rangi ya mafuta juu ya mlango wa duka, imepigwa chapa kwenye mifuko, na imo kwenye simu za wateja wangu wa Lamu, Malindi, Lungalunga mpaka Tanga. Kwa muda wote huo sijawahi kupitisha tarehe ya kulipa. Nimewaandikia barua 2 kwa njia yenu wenyewe, nikapewa namba za malalamiko na shukrani za kuwa mteja mwaminifu, kisha kimya. Ndiyo maana hii ya tatu naiandika hadharani.

Jambo lenyewe ni hili: nilikubali kubadilishiwa simu, nanyi mkanitoza pamoja na vitu vingine ambavyo sikuvikubali, kwa sababu hakuna aliyeniambia kuwa vipo.

Ilikuwa siku ya 26 ya Ramadhani, saa 8 mchana. Anayeujua mtaa wetu kumi la mwisho hahitaji kuelezwa. Watu wanapita ubavu, wenye mikokoteni wanaomba njia, mafundi wa kupinda leso wamejipanga barazani na vyerehani vyao, na kila mwanamke anataka doti yake ikatwe na ipindwe kabla ya Idd. Mteja wangu mmoja alikuwa ameshika ncha ya kitambaa upande mmoja, mimi nimeshika upande wa pili na mkasi mkononi. Simu ikalia. Nikaiweka spika, nikaitega juu ya rundo la leso.

Alikuwa msichana mwenye sauti nzuri, ya adabu. "Mamangu, hongera. Kwa uaminifu wako umechaguliwa kupandishwa daraja. Tunakubadilishia simu upate mpya." Nilikuwa nimebakisha miezi 4 kumaliza mkataba wangu wa miezi 24, ambao nilikuwa nikilipa shilingi 3,000 kwa mwezi: 2,000 za kifurushi cha kupiga na intaneti, na 1,000 za simu. Nikamuuliza la kwanza ambalo mfanyabiashara yeyote angeuliza. Nitalipa ngapi?

"Unaongeza mia tano tu, mama. Kila kitu kinabaki vilevile."

"Mia tano juu ya elfu tatu?"

"Ndiyo, mama. Na ile simu ya zamani unabaki nayo."

Mazungumzo yetu ya pesa yaliishia hapo. Yule mteja aliyeshika ncha ya leso aliyasikia kama nilivyoyasikia mimi, na yuko tayari kusema hivyo popote atakapoitwa. Kisha msichana akaniambia kuna ujumbe umeingia wenye tarakimu 6, nimsomee ndipo simu itoke ghalani. Nikamsomea. Dakika 4 hazikufika, nikarudi kwenye mkasi wangu.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kila mara narudi hapa. Ninyi wenyewe hututumia ujumbe mkituonya tusimsomee mtu yeyote namba zinazoingia kwenye simu zetu, hata akidai ni mfanyakazi wenu. Ni onyo zuri. Watu wameibiwa pesa zao zote kwa tarakimu za namna hiyo. Sasa ikiwa mfanyakazi wenu wa kweli naye ataniomba nimsomee, mimi nitamtofautisha vipi na mwizi? Na zile tarakimu 6, kama nilivyokuja kuelezwa wiki 5 baadaye, ndizo zilizokuwa saini yangu. Nilitia saini mkataba wa kurasa 17 nikiwa nimeshika mkasi, bila kuuona. Kiungo cha kuusomea kilinifikia saa 3 usiku, baada ya saa 7 kupita tangu "nisaini", na wote umeandikwa kwa Kiingereza.

Simu ililetwa na mwenye boda kesho yake. Ni simu nzuri, sina la kusema juu yake.

Bili ikaja mwezi uliofuata. Nilipoona jumla kwenye ujumbe nilidhani imechanganywa na ya mtu mwingine. Mwanangu akaenda saiba akanichapishia ile bili ndefu yenye mchanganuo, tukaitandaza juu ya meza ya kukatia, akachukua rula ya mbao ninayopimia vitambaa, akawa anaishusha mstari kwa mstari huku akinisomea.

Simu mpya, 1,500. Sawa. Hiyo niliikubali na nitailipa.

Kifurushi, 2,400. Nikamwambia arudie. Changu kilikuwa 2,000, na niliambiwa kila kitu kinabaki vilevile. Kumbe nilihamishwa nikatiwa kwenye kifurushi kikubwa zaidi chenye intaneti nyingi kuliko ya kwanza. Hata ile ya kwanza ilikuwa ikinibakia mwisho wa mwezi. Mimi intaneti yangu ni kutuma picha za leso mpya kwa wateja na kuzungumza na dada yangu aliye Muscat.

Salio la simu ya zamani, 4,000. Hapa nitasema kwa haki: deni hili ni langu. Ile simu niliitumia na sikuwa nimeimaliza kuilipia. Lakini nilikuwa nalipa 1,000 kwa mwezi, na kama mngeniambia kwamba nikikubali mpya mtanidai zote 4,000 kwa mkupuo, ningesubiri miezi 4 ipite. Haraka ilikuwa yenu. Ile ya zamani ilikuwa bado inapiga na kupokea.

Ada ya kubadilisha mkataba, 1,000. Mlinipigia ninyi, mkanipongeza ninyi, kisha mkanitoza kwa kupokea pongezi.

Bima ya simu, 350 kila mwezi. Hili limeniuma kuliko yote, na si kwa ukubwa wake. Mimi katika dini yangu nina msimamo kuhusu bima za kawaida. Nikitaka kukinga mali yangu najua pa kwenda kutafuta takaful, bima ya Kiislamu. Ningeulizwa ningejibu, na jibu langu lingekuwa la, asante. Kumtia mtu katika jambo la imani yake bila kumuuliza, kisha kumwambia alikubali, ni uzito ambao sidhani kama aliyeupanga utaratibu huu aliufikiria.

Burudani, 300 kila mwezi. Ni huduma ya kutazama video. Sijaifungua hata siku moja. Sikujua kama iko.

Kodi, 801.60. Hesabu yake nimeipiga mara 3 na haina kosa: ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 juu ya kifurushi cha 2,400 ni 360, halafu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 juu ya jumla hiyo ni 441.60. Kodi ni haki ya serikali na kila mwenye simu nchini anailipa. Ila zile 2,000 zangu za zamani zilikuwa bei ya mwisho, kodi ikiwa ndani. Safari hii nilitajiwa bei bila kodi, na sikuambiwa kwamba ni bila kodi. Mteja wangu nikimwambia doti ni shilingi kadhaa, anajua atatoa hizo hizo mfukoni. Simgeuzii bei akishafungua pochi.

Jumla, 10,351.60. Mimi nilikuwa nimetenga 3,500.

Hata hizo za mara moja, yaani salio la zamani na ada ya kubadilisha, zikishaondoka, nitabaki na bili ya 5,351.60 kila mwezi. Kwa miezi 24, tofauti kati ya niliyoambiwa na ninayodaiwa ni shilingi 44,438.40. Kwa muuza leso hiyo ni marobota ya kuanzia msimu.

Nikaja kwenye duka lenu la katikati ya mji. Nilichukua tikiti, nikakaa saa 2 nikisubiri namba yangu iitwe. Kijana aliyenihudumia alinipa shikamoo, nikamwitikia, na naomba ieleweke kuwa hakunivunjia heshima hata kidogo. Alisikiliza. Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta yake ili nione. Palikuwa na jina langu, na chini yake visanduku 5, kila kimoja kina alama ya tiki: kifurushi, bima, burudani, ada, masharti. Juu yake maneno 2 ya Kiingereza yenye maana kwamba mteja amekubali.

"Nani aliyetia tiki hizi, mwanangu?"

Akanyamaza kidogo. "Ni yule aliyekupigia, mama."

Basi hicho ndicho kiini cha kesi yangu, na mmekihifadhi ninyi wenyewe kwenye kompyuta zenu. Visanduku 5 vilijazwa na mkono usio wangu. Mimi nilisema ndiyo moja, kwa swali moja, na ile ndiyo ikachukuliwa ikagawanywa mara 5.

Nikamwomba anisikilizishe rekodi ya simu ile, kwa kuwa mwanzo wa mazungumzo kulikuwa na sauti iliyosema yanarekodiwa ili kuboresha huduma. Akasema rekodi ni za matumizi ya ndani. Nikamwambia niirudishe simu. Akasema siku za kurudisha zilikuwa 7, na kasha limeshafunguliwa. Zile siku 7 zilikwisha kabla ya bili kunifikia, kwa hiyo muda wa kukataa ulipita kabla sijajua kuna cha kukataa. Nikamuuliza nikitaka kutoka kwenye mkataba. Akabofya, akaniambia nitalipa mara moja bei yote iliyobaki ya simu, shilingi 34,500, juu ya bili niliyo nayo. Na nisipolipa? Laini itafungwa, kisha jina langu litapelekwa CRB, kunakowekwa kumbukumbu za wasiolipa madeni.

CRB. Mimi huchukua mkopo kila mwaka kabla ya Ramadhani ninunue mzigo, na mwaka wa kwanza niliuchukua huku mikono ikinitetemeka. Jina langu kwenye benki ni safi kwa miaka mingi, na nimelisafisha kwa jasho. Leo linawekwa rehani kwa sababu ya burudani ya shilingi 300 ambayo sijaitazama.

Naweza kuhama, mtasema. Kweli, tangu 2011 mtu anaruhusiwa nchini kuhamia kampuni nyingine na namba yake ileile. Lakini niliambiwa sihami nikiwa na deni. Deni ni hilo hilo ninalolipinga.

Nilirudi nyumbani nikakaa na mpwa wangu aliyesomea sheria. Sikujua kama mtu wa kawaida kama mimi amewekewa maneno mengi ya kumlinda. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inasema mlaji ana haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma, na haki ya kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi. Ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na zipo kanuni za mwaka 2010 za kuwalinda watumiaji wa mawasiliano, zilizotungwa mahsusi kwa kampuni kama yenu, ambazo zinasema mteja ana haki ya kupewa habari wazi na kamili kuhusu bei na masharti, ana haki ya kutozwa kwa zile huduma alizojiunga nazo tu, na ana haki ya bili sahihi inayoeleweka. Niliposikia hayo maneno "alizojiunga nazo tu" nilimwomba mpwa wangu ayasome mara ya pili. Nimeyaandika kwenye karatasi, nimeibandika ukutani nyuma ya kaunta, karibu na leseni ya kaunti.

Kuhusu rekodi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kufikia data zake zilizo mikononi mwa mwingine. Sauti yangu ni yangu. Jina langu, namba yangu na jibu nililotoa ni vyangu. Kama rekodi inatosha kuwa ushahidi wa kunidai, basi inatosha pia kusikilizwa na mimi ninayedaiwa.

Na lugha. Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mlinipigia kwa Kiswahili, mkanishawishi kwa Kiswahili, mkanipongeza kwa Kiswahili cha kupendeza. Ilipofika penye pesa na adhabu mkageuza lugha. Nasoma Kiingereza kiasi changu, lakini kurasa 17 za masharti hata mpwa wangu alizisoma kwa kurudi nyuma.

Niruhusuni niwaeleze jinsi tunavyouza sisi. Leso ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mwanamke akiingia dukani huvutiwa kwanza na rangi, lakini hanunui kabla ya kuuliza: imeandikwaje? Nami sitamkunjia. Naitandaza yote, pindo hadi pindo, namsomea jina lake kama hasomi. Kwa sababu ataivaa harusini, au atampelekea wifi yake aliyejifungua, na maneno yale yatasema kwa niaba yake. Likiwa neno la upendo, sawa. Likiwa neno la mafumbo na yeye hajui, nitakuwa nimemgombanisha na watu wake. Hakuna muuza leso wa Mombasa atakayemficha mteja jina la leso kisha ajitetee kwamba ulishika kitambaa, basi ulikubali maneno. Maneno huandikwa herufi kubwa ili yaonekane toka upande wa pili wa njia. Yenu yapo ukurasa wa 11, chini.

Tangu nianze kulisimulia jambo hili dukani, watu hawaishi kuniambia yao. Mwalimu mstaafu wa Tudor alikubali kubadilishiwa simu, mkataba wake ukaanza upya miezi 24 hali alikuwa amebakisha mmoja. Mama mmoja wa Kisauni anatozwa burudani na amekuwa akidhani ni kodi. Kijana anayeuza madafu upande wa Likoni alichukua simu ya kulipa kila siku kidogo kidogo, akaugua siku chache, simu ikajifunga kwa mbali, na oda zake zote zilikuwa zikiingia humo. Huyo wa mwisho si mteja wenu na mkataba wake ni wa namna nyingine, lakini wote hawa wamegonga mlango mmoja: bei kamili ilikuja baada ya kukubali.

Simlaumu yule msichana. Kijana wa kaunta alininong'oneza kwamba wanaopiga simu wana idadi ya kufikisha kwa siku, na asiyefikisha hukatwa. Tafadhali msimtafute mkamfukuza kwa ajili ya barua hii. Ana umri wa binti yangu. Aliyeandika karatasi aliyokuwa akiisoma ndiye ninayezungumza naye, na aliyeamua kwamba tiki zitiwe na mpigaji.

Ninachoomba kwenu wakurugenzi hakihitaji kikao kirefu. Nirudisheni kwenye kifurushi changu cha 2,000 kodi ikiwa ndani, muondoe bima na burudani tangu siku ya kwanza, mfute ada ya kubadilisha mkataba, na salio la simu ya zamani mlipokee kama tulivyokubaliana mwanzo, 1,000 kwa mwezi. Ninachopinga moja kwa moja kwenye bili hii ni shilingi 2,851.60. Muda tunaoshindania kiasi hicho msinifungie laini wala msilipeleke jina langu popote. Mkiona nimekosea, nionyesheni kwa rekodi, si kwa tiki.

Kwenu wakuu wa Mamlaka, mimi nimefuata njia inayotakiwa: nimeanza kwa kampuni, mara 2, na namba za malalamiko ninazo. Kinachonileta kwenu ni zaidi ya bili yangu. Mtu anapouziwa mkataba kwa simu, kampuni ilazimike kumtumia kwanza ujumbe mfupi kwa Kiswahili, wenye shilingi za bili ya kwanza na za kila mwezi baada yake, kodi ikiwa ndani, na idadi ya miezi. Ujumbe huo uje kabla ya zile tarakimu 6. Apewe walau siku nzima ya kufikiri, ashauriane na watu wake. Kila nyongeza iulizwe peke yake na ajibu mwenyewe. Na siku za kurudisha simu zihesabiwe tangu bili ya kwanza imfikie, kwa sababu hapo ndipo mtu anapojua amenunua nini. Najua mna uwezo wa kuwaagiza. Mliwaagiza kusajili kila laini kwa kitambulisho, na ikafanyika nchi nzima, mpaka bibi zetu wa Kibokoni wakashikwa mkono wakapelekwa.

Tarehe 28 niliwalipa shilingi 4,500: zile 3,500 nilizoahidi, na 1,000 za simu ya zamani kama kawaida ya kila mwezi. Risiti nimeifunga pamoja na barua zangu 2. Simu mpya imo kwenye kasha lake ndani ya kabati la duka, nimerudi kutumia ile ya zamani mpaka tumalizane.

Rekodi ya siku ile naingoja. Duka nafungua saa 3 asubuhi, Ijumaa nafunga saa 6 kwa ajili ya sala kisha narudi saa 8. Mkimtuma mtu aje nayo, yule mteja aliyeshika ncha ya leso anakaa mtaa wa pili. Nitamwita, tutaisikiliza sote.

Wenu,
Muuza leso, Biashara Street, Mombasa